Mionzi ya Karakanani: Jinsi ya Kumkinga Fundi, Saidia Fundi na Jirani

Maumivu huanza usiku. Saidia fundi ameshinda akishikilia mabomba ya geti, amerudi nyumbani, amekula, amelala. Ikifika saa sita au saa saba usiku anaamka akihisi kama amemwagiwa mchanga wa moto machoni. Machozi yanatiririka, kope hazifunguki, hata mwanga wa simu unamchoma. Asubuhi hafiki kazini, na fundi wake anasema huyu dogo ni mvivu. Mimi nimekesha usiku wa namna hiyo mara tatu kabla sijajua kwamba ni ugonjwa wenye jina, wenye sababu na wenye kinga. Nilikuwa na miaka 19, na hakuna aliyeniambia.

Mwongozo huu nauandika kwa mwenye karakana, kwa fundi mkuu, na kwa yeyote aliyekabidhiwa usalama wa wenzake kazini. Sehemu kubwa nimeiweka kwenye kazi ya kuchomelea, kwa sababu ndipo watu wengi wanapoumia, kuanzia vibanda vya mageti na grili vya kila mtaa hadi mtaa wa Gerezani kule Dar es Salaam na karakana za jua kali za Nairobi. Mwishoni nitagusa kazi nyingine chache zenye mionzi ya jamaa hiyohiyo.

Ujue unapambana na nini

Mionzi ya moto wa kuchomelea wataalamu huiita mionzi isiyoayonisha. Maana yake haina nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu kama inavyofanya eksirei. Watu wakisikia "isiyo" wanadhani "isiyodhuru", na hapo ndipo makosa yanapoanzia. Haihitaji kung'oa elektroni ili ikuunguze.

Ncha ya rodi ya kuchomelea ikiwaka hutoa aina tatu za mionzi kwa pamoja. Ya kwanza ni urujuanimno, ambayo haionekani kwa macho. Hiyo huishia kwenye konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, na kwenye ngozi. Ndiyo inayoleta ule mchanga wa usiku. Ya pili ni mwanga wenyewe unaoonekana, hasa ule wa rangi ya samawati. Huu hupenya hadi nyuma ya jicho kwenye retina, na retina ikiungua haina maumivu ya kukuonya. Ya tatu ni infraredi, ambayo ni joto. Ikimpiga mtu kwa miaka mingi huipasha lenzi ya jicho na inaweza kumletea mtoto wa jicho.

Kuna jambo la nne ambalo watu hawapendi kulisikia. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, lilipoitathmini kazi ya kuchomelea mwaka 2017 liliuweka moshi wake, na urujuanimno wake pia, katika Kundi la 1, yaani miongoni mwa vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kwa urujuanimno, saratani inayotajwa ni ya jicho. Kwa hiyo yule fundi anayejisifu kwamba macho yake "yameshazoea" hajazoea chochote. Konea hujiponya kila mara na kumdanganya.

Hatua ya 1: Hesabu watu, usihesabu mashine

Chukua daftari uzunguke karakana saa tatu au saa nne asubuhi, kazi ikiwa imepamba moto. Usisimame mlangoni. Nenda ukakae pale anapokaa kila mtu: kwenye kigoda cha mama lishe, kwenye benchi la mteja anayesubiri geti lake, pale kijana anapopiga msasa, pale mpaka rangi anapochanganya rangi, kwenye kibanda cha bodaboda upande wa pili wa barabara. Vaa miwani ya usalama, kisha ujiulize kwa kila mahali: je, kutoka hapa ncha ya rodi inaonekana moja kwa moja? Kama haionekani, je, ukuta au bati linamulika kila rodi inapogusa chuma?

Andika umbali kwa hatua, na saa ambazo mtu huyo hukaa hapo kwa siku. Usimsahau mtoto anayepita akitoka shule na kusimama kutazama. Watoto hupenda ule moto, na hakuna anayewafukuza.

Ukimaliza utagundua jambo lililonishtua mimi nilipofanya zoezi hili mara ya kwanza. Mwenye mashine ndiye aliyekingwa kuliko wote, maana ana ngao usoni. Wanaoumia ni wale wanaomzunguka. Saidia fundi ndiye wa kwanza, kwa kuwa amesimama nusu mita kutoka kwenye moto, ameshika bomba kwa mikono miwili, na hana hata mkono wa kujizibia uso.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya umbali na muda

Mionzi hii hupungua kwa mraba wa umbali. Ukienda mbali mara mbili inabaki robo. Ukienda mbali mara tatu inabaki sehemu moja ya tisa. Mara kumi, sehemu moja ya mia.

Kiwango kinachotumika kimataifa kwa urujuanimno ni jouli 30 kwa kila mita ya mraba kwa siku ya kazi ya saa nane, baada ya kupima kila wimbi kwa ukali wake. Kwa moto wa kuchomelea ulio karibu na jicho tupu, kiasi hicho hufikiwa ndani ya sekunde chache tu. Tuseme kwenye mashine yako, mtu aliye mita 1 anafikia kiwango kwa sekunde 10. Aliye mita 3 atakifikia kwa sekunde 90. Aliye mita 10 atakifikia kwa takriban dakika 17. Dakika 17 za moto ni kazi ya kawaida kabisa ya asubuhi moja, kwa hiyo hata mama lishe wa mita 10 hajasalimika kama ncha anaiona.

Shika pia hili: dozi hujumlishwa. Mwili hauanzi upya kila rodi inapozimika. Kijana anayepigwa na mwanga sekunde moja moja mara 50 kwa siku, kila fundi anaposhikiza kona za fremu (yaani anapogusisha rodi kidogo tu ili vipande vishikane), amepata sekunde 50. Ndiyo maana mtu huapa kwamba "sikuangalia hata kidogo" na usiku bado analia.

Hatua ya 3: Panga karakana upya

Hapa ndipo pa kuweka nguvu zako na fedha zako za mwanzo, kabla ya kununua ngao hata moja. Ngao humkinga mmoja, na anapokumbuka tu. Kizuizi humkinga kila mtu, hata asiyejua kwamba yupo hatarini.

Chagua kona moja iwe ya kuchomelea. Mfano mzuri ni kona yenye kuta mbili, fundi akitazama nje na ukuta ukiwa mgongoni mwake, kisha mbele yake unaweka kizuizi. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunachomelea barabarani kwa kuwa ndani ni padogo na tunataka wateja watuone. Kama lazima ufanyie nje, tengeneza kizuizi cha kukunja cha mapande matatu, fremu ya bomba za mraba za inchi moja na bawaba kati yake. Kazi ya nusu siku, na vifaa vyake unavyo tayari.

Kizuizi kiwe na urefu wa mita 2 au zaidi, na chini kiache nafasi kidogo ili hewa ipite, maana ukiziba kila upande moshi utamuua fundi huku ukiokoa macho ya jirani. Kwa kuziba, tumia bati lililopakwa rangi isiyong'aa au turubai zito la pamba lisiloshika moto upesi. Mapazia maalumu ya plastiki ya kuchomelea, yale mekundu au ya kijani yanayopitisha mwanga hafifu, ni mazuri ukiyapata ya kweli. Usitumie maturubai mepesi ya nailoni yale ya samawati. Cheche moja inatoboa, mbili zinawasha.

Halafu angalia kuta. Bati jipya, alumini na chuma kisichoshika kutu hurudisha mionzi karibu kama kioo. Nimeona karakana iliyoziba vizuri upande wa barabara, lakini bati la paa likawa linamwaga mionzi yote kichwani kwa watu wa upande wa pili. Paka rangi isiyong'aa kwenye kuta za kona hiyo na sehemu ya chini ya paa lililo juu yake. Rangi zenye titani dioksidi au zinki oksidi hunyonya sana urujuanimno, na rangi nyingi za ukutani zina titani dioksidi ndani yake. Cha kuepuka ni mng'ao.

Jambo moja la haraka lakini la kufa na kupona: dawa za kusafishia grisi zenye klorini zisikae wala zisitumike karibu na kona hii. Mvuke wake ukikutana na urujuanimno na joto la kuchomelea unaweza kugeuka fosijini, gesi ya sumu ambayo nayo madhara yake kwenye mapafu huchelewa kujitokeza kwa saa kadhaa. Chuma kilichosafishwa nazo kikauke kabisa, mbali na hapo, kabla hakijaguswa na rodi.

Mwisho wa hatua hii ni sauti. Kabla ya kugusisha rodi, fundi aseme kwa sauti: "Macho!" Kisha ahesabu moja, mbili, ndipo aguse. Nimejaribu "Moto!" nikaiacha, kwa sababu siku moja mteja aliisikia akatimka mbio akidhani karakana inaungua. "Macho!" kila mtu anaielewa, hata mtoto.

Hatua ya 4: Kioo cha ngao

Nianze na miwani ya jua, maana ndiyo adui mkubwa. Miwani nyeusi ya kawaida hupitisha takriban sehemu 10 hadi 15 za mwanga kati ya 100. Kioo cha kuchomelea namba 10 hupitisha kama sehemu 1.4 kati ya 10,000. Hata ukivaa miwani ya jua mitatu kwa mpigo hujafika. Tena miwani iko wazi pembeni, juu na chini, na mboni ya jicho hupanuka gizani na kupokea zaidi. Fundi anayetumia miwani ya jua hupata faraja ya kupungua kwa mng'ao, basi anatazama kwa muda mrefu zaidi.

Namba hupangwa kwa ampea. Kwa rodi za kawaida, kiwango cha chini kabisa kinachotumika Marekani ni namba 7 kwa kazi ya chini ya ampea 60, namba 8 kwa ampea 60 hadi 160, namba 10 kwa 160 hadi 250, na namba 11 kuendelea hadi 550. Hizo ni sakafu. Kwa kazi zetu za mageti, rodi za milimita 2.5 na 3.2, mimi nashauri namba 10. Ukipanda juu ya ampea 160, nenda 11 au 12. Anza na kioo cheusi zaidi, kisha shuka namba moja moja hadi uone vizuri chuma kinavyoyeyuka, bila kuvuka sakafu. Kwa kuchomelea kwa gesi, namba 4 inatosha bati jembamba la chini ya milimita 3, namba 5 kwa unene wa hadi milimita 13, na namba 6 kwa unene zaidi ya hapo. Anayechomelea alumini kwa gesi ya agoni aongeze uangalifu maradufu, kwa kuwa moshi wake ni mdogo na urujuanimno unatoka bila kuzuiwa na kitu.

Kioo cha kweli kina namba iliyochorwa kwenye kioo chenyewe, pamoja na alama za kiwango chake. Kipande cheusi kisicho na maandishi yoyote, kilichokatwa kwa mkasi wa vioo, hujui kinazuia nini. Kinaweza kuwa cheusi kwa macho na kikapitisha infraredi yote. Mbele ya kioo cheusi weka kioo cheupe cha kukinga cheche. Hicho ni cha bei ndogo, kibadilishe kila kinapojaa madoa. Kioo cheusi kikipata ufa, hata mwembamba kama unywele, kitupe siku hiyohiyo.

Ngao zinazogiza zenyewe ni msaada mkubwa, hasa kwa kushikiza. Kioo chake kikiwa cha kweli, huzuia urujuanimno na infraredi hata kabla hakijagiza, kwa hiyo hofu ya "sekunde ile ya kwanza" si kubwa kama watu wanavyodhani. Shida ni kioo cha bandia na betri iliyokufa. Kila asubuhi ielekeze ngao kwenye jua uone kama inagiza. Isipogiza, haifanyi kazi siku hiyo. Na usiifungie kabatini wiki nzima, zile zenye kichaji cha jua zinataka mwanga.

Hatua ya 5: Vunja desturi ya kufumba macho

Karibu kila fundi niliyewahi kufanya naye kazi anajua kushikiza kwa kufumba. Anaweka rodi mahali pake, anageuza uso, anafumba, anagusa, anafungua. Kwa nini? Kwa sababu ngao ya mkono humnyima mkono wa pili, na ngao ya kichwani ya kawaida humtia giza kabla hajaona pa kuanzia.

Kope ni ngozi, tena nyembamba. Huungua. Na muda wa kufungua hauwi sawa kila mara, hasa saa kumi alasiri mtu akiwa amechoka. Dawa yake si kugombeza. Dawa ni kuondoa sababu: kibanio cha kushikilia kona ili mkono wa pili uwe huru, au ngao inayogiza yenyewe. Mpe fundi njia iliyo rahisi kuliko kufumba, ataacha kufumba.

Kwa saidia fundi sheria iwe moja isiyo na mjadala: aliye ndani ya mita 3 kutoka kwenye moto anavaa ngao yake mwenyewe ya kichwani, yenye kioo sawa na cha fundi. Ngao moja kwa watu wawili ni ngao ya fundi peke yake. Na aliye mbali zaidi ya hapo ndani ya karakana avae miwani mieupe ya usalama ya polikaboneti yenye kuziba pembeni. Polikaboneti, ingawa ni nyeupe, huzuia karibu urujuanimno wote. Haimruhusu kutazama moto, ila inamkinga na ule unaomfikia kwa bahati mbaya, na vilevile na cheche za grinda.

Hatua ya 6: Ngozi

Shingo, mikono hadi kiwiko na ile pembe ya kifua inayoachwa wazi na kola ndizo huungua kwanza. Vaa pamba nzito iliyofumwa kwa kubana, mikono mirefu, kola imefungwa, na glavu za ngozi. Jezi za mpira wa miguu zisiingie kwenye kona hii kabisa. Ni za nailoni na poliesta, huyeyuka na kugandamana na ngozi. Ovaroli iliyochakaa hadi unaona mwanga kupitia kitambaa haikingi tena.

Uliza pia kuhusu dawa. Doksisaiklini, ambayo wengi huinywa kwa maradhi mbalimbali, huifanya ngozi iungue upesi kwa urujuanimno. Anayeitumia apewe kazi nyingine hadi amalize dozi.

Na urujuanimno hautoki kwenye rodi tu. Anayefanya kazi uwanjani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni anapigwa na ule wa jua, na hapa kwetu karibu na Ikweta jua hilo ni kali mwaka mzima. Kwa mfanyakazi mwenye ualbino hili ni suala la uhai, si la starehe. Kazi yake iwe kivulini, kofia yake iwe pana, na mafuta ya kinga yahesabiwe kama vifaa vya kazi, yanunuliwe na mwajiri. Mjini Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta ya Kilisun mahsusi kwa watu wenye ualbino. Mtu hapaswi kuchagua kati ya mshahara na ngozi yake.

Hatua ya 7: Mtu akishapigwa

Dalili huchelewa saa 6 hadi 12. Aliyepigwa saa tisa alasiri huanza kulia kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku. Kwa hiyo wafundishe watu wako mapema, kwa sababu usiku huo hutakuwapo.

Avue lenzi za machoni kama anazitumia. (Ile habari kwamba moto huzigandisha lenzi kwenye jicho si kweli.) Akae chumba chenye giza, aweke kitambaa safi kilicholowa maji baridi juu ya kope, anywe dawa ya maumivu kama paresetamo, na atumie matone ya machozi bandia kutoka duka la dawa. Asisugue. Asiendeshe pikipiki wala gari. Kwa kawaida konea hujirudi ndani ya siku moja hadi tatu.

Naomba sana kuhusu dawa za mtaani. Viazi mbichi, maziwa, majani ya chai: konea iliyoungua ni kidonda kilicho wazi, na vitu hivyo huingiza vijidudu. Matone ya ganzi ndiyo hatari zaidi, kwa vile yanafanya kazi kweli. Maumivu yanakoma papo hapo, lakini kidonda hakiponi, na mtu akiyarudia nyumbani anaweza kupoteza kuona. Ganzi ni ya daktari kutumia anapompima, basi. Vilevile matone yenye steroidi yasinunuliwe bila daktari wa macho.

Apelekwe hospitali bila kungoja kama ni jicho moja tu linalouma, maana moto wa kuchomelea kwa kawaida hupiga yote mawili, na jicho moja mara nyingi ni kipande cha chuma cha grinda. Apelekwe pia kama haoni vizuri, kama kuna usaha, au kama siku ya pili imeisha na hakuna nafuu. Na anayeona doa jeusi katikati bila maumivu yoyote asiambiwe asubiri. Hiyo huenda ni retina.

Kazi nyingine zenye mionzi hii

Paa zenye antena za simu. Fundi wa tangi la maji, wa sola au wa rangi anayepanda paa la ghorofa hukutana na vile vibao virefu vya antena. Vibao hivi hurusha mawimbi mbele yake, nyuma na chini ni kidogo sana. Usipite wala usisimame mbele yake kwa karibu, na kama kazi iko hapohapo, mwenye jengo ampigie mwenye mnara azime kwanza. Huwezi kujua kwa kutazama kama antena inafanya kazi. Madhara yaliyothibitika ni ya kupasha mwili joto, na viwango vya kimataifa humruhusu mfanyakazi aliyefundishwa kupokea mara tano ya raia wa kawaida. Fundi wa rangi ambaye hakufundishwa chochote ahesabiwe raia. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo asipande. Tanzania, Tume ya Nguvu za Atomiki ndiyo hupima mionzi ya minara, kwa hiyo hofu yako ipeleke huko badala ya kuitangaza mtaani.

Mashine za kuunganisha maturubai na plastiki kwa mawimbi ya redio. Nyingi hufanya kazi kwenye megahezi 27.12, na opereta hukaa akiwa ameegemea mashine kutwa nzima. Usiondoe kamwe kile kifuniko cha chuma kinachozunguka elektrodi, hata kama kinachelewesha kazi. Hakikisha waya wa ardhini umekaza. Ukigusa chuma kilicho jirani ukasikia mchomo, kuna kinachovuja, zima uite fundi.

Taa za kuua vijidudu, zile za nanomita 254 kwenye mitambo ya maji na wodi za kifua kikuu. Mwanga wake ni wa samawati hafifu na unaonekana mpole, kumbe huunguza macho kwa namna ileile ya rodi. Mlango wa chumba uwe na swichi inayoizima taa mtu akifungua. Kioo cha kawaida cha dirisha huzuia wimbi hili, kwa hiyo unaweza kuikagua kutoka nje.

Leza za kukata na kuchonga. Leza za daraja la 4, yaani zenye nguvu kuliko zote, huunguza hata kwa mwanga uliorudi kutoka kwenye kitu kisichong'aa. Kifuniko cha akriliki kinachotosha kwa leza ya kaboni dioksidi hakizuii leza ya nyuzi, ambayo mwanga wake hauonekani na hufika moja kwa moja kwenye retina. Miwani ilingane na wimbi lililoandikwa kwenye mashine.

Hatua ya 8: Daftari na sheria

Weka daftari moja ukutani. Tarehe, jina, saa aliyopigwa, alikuwa amesimama wapi, alivaa nini, alirudi kazini lini. Baada ya miezi mitatu lisome kwa utulivu. Ukiona majina matatu yanasimama mahali pamoja, kizuizi kina tundu hapo.

Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inasimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Kenya ina sheria yake ya 2007, Uganda ya 2006. Zote zinamtaka mwajiri awakinge watu wake na awape taarifa za hatari za kazi. Fidia, kwa Tanzania, inapitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na kwa Kenya ni WIBA, sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007. Daftari hilo ndilo shahidi wa kijana wako akidai haki yake, na ndilo shahidi wako kwamba ulichukua hatua.

Kama fedha ni chache, huu ndio mpangilio wangu wa manunuzi: wiki ya kwanza kizuizi cha mapande matatu, wiki ya pili ngao ya saidia fundi, wiki ya tatu rangi isiyong'aa ya kona, mwezi wa pili ngao inayogiza yenyewe. Neno "Macho!" halina gharama, lianze kesho asubuhi.